Mlango wa Nyuma wa Gari la Buluu

Karakana ya Fundi Kioo ilikuwa na milango miwili ya bati, sakafu ya saruji iliyosuguliwa hadi ikawa laini kama kiganja, na taa moja ndefu ya kushikwa mkononi ambayo mwenyewe aliiita Shahidi. Kila alipomaliza kung'arisha gari, aliipitisha taa hiyo juu ya rangi polepole, na palipobaki mkwaruzo, Shahidi alisema. Magari yaliyopita mikononi mwake yaliondoka yakimeta kiasi cha mtu kunyolea ndevu kwenye boneti. Ndiyo maana watu walimpa jina lile, na jina lake la kuzaliwa likasahaulika.

Mpwa wake aliletwa hapo na kikohozi. Alikuwa ameshika pasi ya mkaa tangu alipovunja ungo, wakamwita Dobi; pasi ikamwachia kovu mkononi, na moshi ukakifanya kifua chake kilie kama mlango mbovu. Daktari alimwambia wazi kwamba asipoacha mkaa, mkaa hautamwacha. Mjomba wake alipopata habari, alimwita.

"Njoo nikufundishe mashine," alisema. "Lakini kazi hii haina undugu. Ukinionyesha bati moja tu lisilo na alama mbele ya Shahidi, nitakupa magari ya wateja. Ukishindwa, sitaweza kukuweka hapa kama pambo."

Somo la kwanza lilianza kwa kicheko. Dobi alidondoshea sponji dawa ya kung'arisha, akainyanyua mashine juu kama mtu aliyekamata kuku, akaiwasha. Dawa ikaruka usoni mwake, ukutani na kwenye ndevu za mjomba.

"Haya, sisi tumeshang'aa," mjomba alisema akijipangusa. "Limebaki gari. Kwanza laza sponji kwenye rangi, ndipo uwashe. Mashine ni kama mkwe, haisalimiwi kwa mbali."

"Nisamehe, mjomba."

"Mwombe radhi ukuta. Mimi nitaoga."

Baada ya hapo mkono wake ulijifunza upesi, kwa sababu pasi ilikuwa imekwisha kumfundisha nusu ya kazi: joto halisubiri anayesinzia. Mjomba alimweleza kwamba juu ya rangi ya gari kuna utando mwangavu, mwembamba kuliko karatasi, na kila mashine inapopita hula kidogo. Anayetembeza mkono hula mikwaruzo. Anayesimama mahali pamoja hula utando wote, kisha rangi, na kilicholiwa hakitapikwi. Alimpa boneti kuukuu la kujifunzia, akamwonyesha kubandika utepe wa karatasi kwenye kingo, kwenda mlalo kisha wima, kufuta kwa kitambaa laini, kisha kumwita Shahidi.

Pembeni kabisa mwa karakana kulikuwa na gari lililofunikwa turubai. Siku moja Dobi aliuliza, "Na lile, mjomba, zamu yake lini?"

Mjomba hakugeuka. "Lile limelala. Liache lilale."

Fundi wa viti, jirani yao aliyekuwa na mdomo usiojua pazia, ndiye aliyemweleza. Lilikuwa gari la mkaza mjomba, yule mama aliyefariki Dobi akiwa bado mtoto. Walikuwa safarini, mama ameketi nyuma, kichwa amekiegemeza mlangoni. Mumewe alidhani amelala usingizi, akaendesha njia nzima akipunguza sauti ya redio ili asimwamshe. Walipofika nyumbani, alifungua mlango, mkewe akamwangukia mikononi akiwa ameshapoa.

"Na tangu hapo hajaligusa?" Dobi aliuliza.

"Alilisugua siku arobaini mfululizo," fundi wa viti alisema, na kwa mara ya kwanza alishusha sauti. "Likang'aa, dada, likang'aa hata likatisha. Kisha siku moja akalirushia turubai, akatoka humu mbio. Muulize mwenyewe. Mimi nashona viti tu."

Dobi alimuuliza. Mjomba alikung'uta sponji ambalo halikuwa na vumbi.

"Likififia, nalala," alisema hatimaye. "Likimeta, silali. Siliogopi gari, mpwa wangu. Najiogopa mimi."

Kama boneti la kujifunzia lingedumu, huenda mambo yangeishia hapo. Lakini asubuhi moja Dobi alikohoa mashine ikiwa juu ya kunyanzi la boneti, pale bati linapojikunja. Mkono ulisimama kwa muda wa kikohozi tu, na alipofuta aliona doa jeupe limechomoza kama mfupa.

Mjomba alilitazama, asikemee. Hilo ndilo lililomuuma Dobi zaidi. "Hili limekwisha," alisema. "Nitatafuta jingine kwa wauza vyuma chakavu. Nisipolipata, mwanangu, sijui tutafanyaje."

Akavaa kofia, akaondoka.

Dobi alibaki ameketi, akisikiliza kifua chake. Aliona mkaa, akaona pasi. Kisha macho yake yakaenda kwenye turubai. Mlango mmoja tu, alijiambia. Mjomba akiukuta umekuwa kioo, atajua kwamba mkono umetulia, na atanisamehe. Mfa maji haachi kutapatapa. Alikwenda akalivuta turubai, akaliacha lianguke karibu na ukuta.

Gari lilikuwa la buluu iliyokolea, lakini kufifia kumelifanya lifanane na jivu. Alichagua mlango wa nyuma kwa kuwa ulikuwa bapa, hauna kunyanzi. Aliuosha, akaukausha, akabandika utepe, akalaza sponji, akawasha.

Mkono ulimtii kama haujapata kumtii. Mashine ilinguruma chini kwa chini, bila kuruka wala kuvuta. Jambo moja tu lilimshangaza. Rangi inaposuguliwa hupata vuguvugu, na mjomba alimzoesha kuipima kwa mgongo wa mkono. Mlango ule ulibaki baridi kama mtungi.

Alifuta sehemu ya kwanza. Katika jivu lile likafunguka jicho la buluu, na ndani yake akaona karakana: milango ya bati, rafu ya dawa, ukuta. Chini ya ukuta, palipo na turubai, kulikuwa na kitu kama mtu aliyeketi.

Aligeuka. Turubai lilikuwa turubai. Akageuka tena mlangoni. Mtu yuko palepale.

"Ni mikunjo," alisema kwa sauti, akaendelea.

Sehemu ya pili ilipofutika, mikunjo ilipata mabega. Ya tatu ikayapa mabega kichwa, kimeinama upande mmoja kama cha msafiri aliyechoka. Moyo ulimdunda Dobi, nao mkono haukutetereka. Hapo ndipo ilipokuwa hatari yake, kwa maana alipomleta Shahidi hakuona hata mkwaruzo mmoja. Kazi ilikuwa safi kuliko ya mjomba mwenyewe. Nani angeiacha hapo, imebaki dawa ya mwisho tu, ile laini inayotoa kina cha rangi? Aliidondosha kwenye sponji jipya.

Alipofuta mara ya mwisho, mlango haukuwa tena bati. Ulikuwa maji yaliyosimama. Mwanamke aliyeketi ukutani alikuwa na kitambaa kichwani, kifua chake kikipanda na kushuka. Dobi alijiona akipumua pamoja naye, bila kikohozi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Mwanamke akafumbua macho.

Usingizi ulimwanzia Dobi miguuni. Ulipanda magotini, kiunoni, mtamu na mzito kama blanketi lililolowa. Nitaketi kidogo, aliwaza. Akarudi nyuma mpaka kwenye turubai, akaketi, kichwa kikainama upande mmoja.

Alipotazama tena, rafu ya dawa iliyokuwa kushoto ilikuwa kulia. Baridi ilimzunguka pande zote. Mbele yake kulikuwa na ung'avu mwembamba kuliko karatasi, na ng'ambo ya ung'avu huo, juu ya turubai, alimwona msichana mwenye kovu la pasi mkononi, amelala mdomo wazi. Karibu na Dobi, upande huu wa baridi, mwanamke wa kitambaa alikuwa amesimama akijinyoosha.

Mjomba aliingia na boneti begani. Likamponyoka, na kishindo chake kikamfikia Dobi kwa mbali, kama jiwe lililotumbukia kisimani.

"Dobi! Mpwa wangu, amka!" Alimtikisa, akampiga makofi mashavuni. Fundi wa viti alikuja mbio, akaweka sikio kifuani.

"Anapumua! Natafuta gari tumpeleke hospitali!" akatoka kasi.

Mjomba alipoinua kichwa, aliuona mlango. Aliutazama na rangi ikamtoka usoni. Kisha, kwa haraka ya mtu anayejua dawa ya ugonjwa, alichakura rafuni akatoa msasa, ule mkavu wa kukwangulia kutu. Akaukandamiza kwenye kona ya mlango. Mkwaruzo wa kwanza ulipita, na Dobi akahisi joto kwenye vidole vya miguu.

Sugua, mjomba, alisema, na sauti haikutoka. Sugua!

Ndipo mkaza mjomba akapita mbele yake, akasimama karibu na ung'avu. Akaweka kiganja hapo, mkabala na mkono wa mumewe.

Msasa ukasimama.

"Umeamka," mjomba alisema.

Alimtazama mkewe, akamtazama msichana aliyelala kwenye turubai, kisha akamtazama tena mkewe. Nje, fundi wa viti alisikika akibishana na dereva. Mjomba alikwenda milangoni, akavuta mabati yote mawili, akatia komeo. Aliporudi, msasa haukuwa mkononi. Alikuwa ameshika kitambaa laini kilicholowa dawa, na akaanza kuing'arisha ile kona iliyokwaruzwa, taratibu, mlalo kisha wima, jinsi alivyomfundisha mpwa wake.

Dobi alipiga yowe ambalo hakuna aliyelisikia. Joto la vidoleni likamtoka, macho yakawa mazito, na mara ya mwisho alipomwona mjomba wake, alikuwa akitabasamu.

Wahenga walikwisha kusema, wala hawakusema kwa mzaha: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha, utalala wewe.