Maji Meupe ya Chemchemi

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja kijana aliyeolewa kijiji cha juu, kule mto unakotoka moja kwa moja msituni. Maji ya mto ule yana rangi ya chai ya rangi. Ukichota ndoo, huoni chini. Yeye alikulia mjini kwenye maji ya bomba, na mto ule ulimtia hofu tangu siku ya kwanza. Kila ndoo iliyoingia jikoni kwake aliichemsha mpaka ikatokota, akaichuja, akaifunika. Rangi haikutoka.

Binti yake alipofikisha miezi saba, mama mkwe akatuma habari kwamba anakuja kumwona mjukuu. Niambieni, akina mama, ungemwekea mkweo mezani jagi la maji mekundu? Alikosa raha wiki nzima. Jirani akamwambia, "Mbona kuna chemchemi pale chini ya soko? Maji yake meupe, unaona mpaka mchanga."

Akaenda, akachota. Mkwe akanywa, akasifu. Mtoto naye akanyweshwa kwa kijiko.

Siku ya pili yake mtoto anaharisha, macho yamezama, analia bila machozi. Mama akamkimbiza zahanati, na njia nzima anaulaani mto.

"Umempa maji gani?" muuguzi akauliza.

"Ya mto hajagusa, dada. Nimempa ya chemchemi. Meupe kabisa."

"Uliyachemsha?"

"Niyachemshe nitoe nini?"

Muuguzi alikuwa anatafuta mshipa kwenye kile kijikono. Akasema bila kuinua macho, "Mama, rangi ya mto ule ni majani ya miti. Yanaanguka msituni, yanaoza, mvua inayaleta mtoni, kama unavyotia majani ya chai kwenye sufuria. Chemchemi yenu iko chini ya vyoo vya soko. Uchafu ule hauna rangi."

Mtoto alipona, maana naona mmeshika vifua. Alipona siku ya nne, na siku zote hizo mama yake hakuweza kumeza hata uji.

Sasa tuje kwetu. Rangi ilimtisha, akachemsha. Weupe ukamtuliza, akaacha. Je, sisi tuko tofauti? Mlevi wa mtaani akitushauri jambo, tunalipima mara tatu. Akija mtu nadhifu, msemaji mzuri, anayejua kupiga magoti mbele za watu, tunamkabidhi nyumba na watoto bila hata kuuliza anatoka wapi. Sifichi, ndugu zangu, nina wasiwasi. Nikiwatazama watoto wenu hapo kwenye mabenchi ya mbele, nina wasiwasi sana.

Na mimi hapa nimesimama mbele yenu na joho jeupe. Haya niliyosema leo, nendeni nayo nyumbani, mfungue Maandiko wenyewe, mkayachemshe kwanza.