Ngumi za Mkuyu

"Mkichuma maua yote, nitazaa kwa kipi?"

Mkuyu aliuliza hivyo enzi zile miti ilipokuwa ikisemezana na watu. Bi Mwanaidi, somo wa mabiharusi wa kijiji kile cha kando ya mto, alikuwa keshajaza ungo wake.

"Ua ni pambo, shoga," alisema, akinusa moja. "Mambo ya kuzaa tuachie sisi."

Wanawake aliokuja nao wakaangua kicheko, wakaenda zao harusini na vigelegele.

Maana zamani hizo Mkuyu alichanua nje kama wenzake, tena akiwapita wote. Kila penye harusi, yeye ndiye aliyevuliwa nguo ili wengine wapambwe. Na ua, jamani, si pambo. Ua ni chumba cha uzazi: mna chavua, na mna mbegu changa zinazoingojea hiyo chavua. Ukilikwanyua, umekwanyua na watoto.

Msimu wa matunda ukafika, wenzake wakazaa, yeye mikono mitupu. Akaja Mzee Kibwana, mkubwa wa kijiji, shoka begani. Na binti wa mzee huyohuyo aliolewa amejaa maua ya Mkuyu kichwani.

"Tasa huyu," alisema. "Msimu ujao asipozaa, namkata nichonge vinu."

Mkuyu akawatazama waliosimama nyuma ya mzee. Bi Mwanaidi alikuwepo. Ghafla leso yake ikawa inataka kufungwa upya.

Mkuyu hakulia. Aliyakunja maua yake ndani kwa ndani, akayafumba kama ngumi shinani na matawini, akabakiza tundu la kupita sindano. Wenye nyungo walipokuja hawakuona cha kuchuma.

"Roho mbaya hiyo!" wakasema. Naam. Mali yako ukiifungia, unaitwa mchoyo.

Aliyepiga hodi ni Nyigu, mdogo kuliko punje ya ulezi, katapakaa chavua ya mkuyu wa ng'ambo. Alitaka pa kutagia.

"Mlango mwembamba," Mkuyu alimwonya. "Mbawa zako zitabaki hapa, na kutoka hutoki."

"Mimi nimekuja kuzaa," Nyigu alisema, "sikuja kupambwa."

Akaingia, akapaka chavua ua kwa ua, akataga, akafia humohumo. Na Mkuyu akazaa.

Mzee Kibwana alirudi na shoka lake, akakuta makuyu yameiva mekundu. Akapasua moja, akaona wadudu, akatema mate. "Mchafu!" Akaenda zake. Samahani hakusema, wala lile neno tasa hakulifuta.

Na tangu siku hiyo mkuyu haumwonyeshi mtu ua lake. Watu husema hauchanui; wengine husema una mashetani. Kuuliza ulifanywa nini, hawaulizi.

Nawe ukipasua kuyu ukamkuta Nyigu ndani, tafadhali, usiteme mate.