Mnana Aliyebaki kwa Masimango

Paukwa!

Pakawa!

Naona wengine mmeitikia kwa pua. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, ndege walikuwa na chuo kikuu chao kando ya mto, na Mnana alisomea huko ufumaji wa viota. Mnana mnamjua. Ndege mdogo, wa manjano, hatulii. Akasoma, akasoma, akamaliza. Siku ya kumaliza, mama yake alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa mjane, mumewe alichukuliwa na mwewe, na mtoto alikuwa huyo huyo mmoja.

Basi mambo mawili yakamjia Mnana kwa pamoja. Kwanza akaja Korongo, mwalimu wake, miguu mirefu, maneno machache.

"Mnana, sisi tunaondoka kwenda Kaskazini. Huko kuna chuo cha juu zaidi. Nafasi yako ipo. Nitakubeba mgongoni."

Halafu wakaja ndege wa mgunga, ule mti wa mtoni alikozaliwa.

"Mnana, masika inakaribia. Viota vyetu vimechakaa. Kazi ipo, anza kesho. Punje tutakula pamoja."

Na kiota cha mama yake ndicho kilichochakaa kuliko vyote. Kilining'inia juu ya maji kwa nyuzi chache. Upepo ukivuma, kinayumba, yumba, yumba.

Mnana akaenda kwa mama yake.

"Mama, niende au nibaki?"

"Wewe unataka nini, mwanangu?"

"Nataka kwenda."

"Basi nenda."

"Na wewe?"

"Mimi nitajibanza kwa jirani yangu, Bi Tetere. Nenda ukasome, roho yako itulie."

Mnasikia? Mama alimwambia nenda. Liwekeni hilo kichwani, maana Mnana mwenyewe alilisahau upesi.

Mnana akawaza. Akienda, ndege wa mgunga watasema nini? Watasema amemtupa mama yake. Akasema, "Siendi." Korongo wakaruka, hao, hao, wakapotea mawinguni. Mnana aliwatazama mpaka shingo ikamuuma. Aliumia kweli, simsingizii.

Akaanza kazi. Na kazi aliijua! Chwi, anachana jani. Chwi, analipitisha. Chwi, anakaza fundo. Kiota cha kwanza akamfumia mama yake, kiota kizuri, hata tone la maji halipenyi. Lakini huku anafuma, akawa anaimba:

*Fuma, fuma, jani kwa jani,*
*Wenzangu wote Kaskazini,*
*Mimi nimebaki kwa nani?*
*Kwa mama, kwa mama mtini.*

Ndege wakacheka. Wimbo mtamu. Makinda wakaushika, na kesho yake mgunga mzima ukawa unaimba. Mama Mnana akitoka kuota jua, anaimbiwa. Akienda kunywa maji, anaimbiwa. Anacheka nao kidogo, halafu anarudi ndani.

Jioni Mnana akileta punje, husema, "Kula, mama. Ndizo hizi nilizobakia."

Mama akila, Mnana husema, "Ningekuwa huko sasa, sijui ningekuwa nani."

Mama akikohoa, Mnana husema, "Wenzangu huko hawasikii vikohozi."

Siku moja mama akamjibu. "Mwanangu, mimi nilikwambia nenda."

"Ningeendaje? Ndege wa mgunga wangenionaje?"

"Kumbe ulibaki kwa ajili yao."

Mnana akakasirika, akaruka kwenda kazini. Chwi, chwi, chwi, na wimbo juu.

Tangu hapo Mama Mnana akawa anadonoa punje moja, nyingine anaziacha. Bi Tetere akaziona.

"Shoga, mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

"Nimeshiba masimango, Bi Tetere."

Masika ikaja. Wingu zito, ngurumo, gururu, gururu! Mnana alikuwa ng'ambo ya mto, anafumia wengine. Bi Tetere akamwona Mama Mnana anatoka katika kiota kipya, anaparamia tawi, anakwenda kuingia kile cha zamani.

"Shoga! Hicho kinavuja!"

"Kinavuja maji tu. Kile kingine kinavuja maneno, na maneno hayakauki."

"Rudi, utakufa!"

"Mwambie mwanangu kiota chake kile pale, kizima. Asije akasema nimekichakaza."

Mvua ikashuka. Upepo ukavuma, vuu, vuu. Nyuzi zikakatika, ta, ta, ta. Chubwi! Mto ulikuwa umejaa. Ukaenda naye.

Mnana aliporudi alikikuta kiota chake kikavu, kisafi, kitupu. Akaita, "Mama!" Kimya. "Mama!" Jii. Bi Tetere akamweleza yote, neno kwa neno, hakumficha. Mnana akalia. Akaufuata mto mpaka kwenye matope ya mwisho, na hata unyoya hakuupata. Makinda wa mgunga wakaanza kuimba ule wimbo, hawajui, na mama zao wakawanyamazisha.

Mwaka ukazunguka. Korongo wakarudi, wakakaa, wakajiandaa kuondoka tena. Mwalimu Korongo akaja.

"Mnana, nafasi yako bado ipo. Twende."

Mnana akautazama mto.

"Nini kinakuzuia?"

Mnana akafungua mdomo amtaje mama yake, kama alivyozoea. Mdomo ukabaki wazi. Korongo akangoja, akangoja, akaruka na wenzake. Mnana akabaki mtini, na safari hii hakuwa na wa kumlaumu.

Basi, nyinyi mliomaliza vyuo na nyinyi mtakaomaliza, sikieni. Ukienda, nenda. Ukibaki, baki. Kwenda si kosa, na kubaki si kosa. Lakini uamuzi wako ubebe mwenyewe, usimtwike mzazi wako. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawakusema tenda wema kaa hapo usimange.

Hadithi yangu imeishia hapo. Leo msinipigie makofi.