Rangi ya Mgeni

Hapo zamani, zamani ya majuzi tu, palikuwa na jukwaa la chuma katikati ya bahari, likifua umeme na kuupeleka nchi kavu. Hapo alikuwepo Somoe, mhandisi wa umeme mwenye digrii safi na miaka minne ya "tutakupigia." Kazi aliyopewa? Kibarua wa kupaka rangi. Asante sana, taifa.

Siku moja ikaja habari: mgeni mkubwa anakuja. Meneja akafoka: "Pakeni kila kitu! Nisione chuma kitupu!"

Somoe akafika pale ngao za nyaya, yale maganda ya chuma yanayozifunika, zinapokamata chuma cha jukwaa, zimwage humo kelele zote za umeme. Pale hapapakwi.

"Bosi, tukipaka hapa, redio zitaharibika."

"We dada, nimeajiri brashi au mdomo? A painter is a painter."

Akauma meno. Akapaka.

Mitambo ikawashwa, redio zikaanza kukoroma. Winchi ikashusha mzigo. Nanguka, fundi aliyekuwa chini ya mzigo huo, akapiga kelele redioni: "Simama! Simama!" Dereva wa winchi akasikia mkoromo tu. Mzigo ukatua, vidole viwili vya Nanguka vikaenda.

Meneja, jasho linamtoka: "Atakayeua kelele hii nampa ajira ya kudumu. Nafasi ni moja."

Likwata, mpishi, akasema: "Redio yangu ya jikoni inakoroma pampu ya tatu ikiwaka. Ikizimwa, kimya."

Somoe akasema: "Basi ni nyaya za pampu hiyo. Ikwanguliwe rangi pale ngao zake zinapokamata, chuma kiguse chuma."

Nanguka, mkono umefungwa bandeji, akaning'inia kwenye kamba juu ya mawimbi, akakwangua. Kelele ikafa.

Sasa ugomvi: vibarua watatu, nafasi moja.

"Bila sikio langu," akasema Likwata, "mngekwangua jukwaa zima mpaka Idi."

"Sikio halining'inii kwenye kamba, mzee wangu," akasema Nanguka. "Na mimi nimeshalipa vidole."

"Mngekwangua wapi bila mimi?" Somoe akawaka. "Mimi ndiye niliyejua! Nilijua tangu siku ya rangi!"

Nanguka akamgeukia polepole. "Ulijua, dada? Ukapaka?"

"Nilisema!"

"Ulisema mara moja."

Somoe akaangalia mikono yake. Kwenye kucha zake rangi ya mgeni bado ipo.

Haya, nyie mliokaa hapo, msiangalie chini. Mkataba uko mezani, na kalamu anayo yuleyule aliyeamuru rangi. Aliyesikia, aliyejua, aliyeshuka: nani alistahili ile nafasi? Na vile vidole, tumdai nani?