Nani Alimwokoa Kipusa?

Sogeeni, wenye masikio; wenye majibu wakae mbele.

Palikuwa na watu watatu, mtaa mmoja, Tanga. Kombo alijaliwa mikono: hakuna kilichoharibika kikamshinda. Sauda alijaliwa kuotesha: akichomeka fimbo, kesho ina jani. Mzee Dachi alijaliwa kutotupa: nyumba yake ilijaa makopo, kamba na matambara, na kila kimoja alikiita akiba.

Mwanaidi, shemeji yake Kombo, alijaliwa samaki mmoja tu wa dhahabu, Kipusa, aliyekaa sebuleni katika tangi la kioo. Akimwita, alikuja. Mumewe akiitwa, hakuja.

Kuelekea Idi, mama mkwe wake alikuja kusaidia usafi. Akafua mapazia, akafua mazulia, kisha akafungua chujio la tangi. Alipokuta limejaa utelezi, alilisugua kwa sabuni, akalisuuza, akalianika juani likakauka kau, ndipo akalirudisha. Kumbe ule utelezi ndio uliokuwa uhai: vijidudu vyema vinavyokula sumu ya kinyesi cha samaki.

Maji yakawa kama yaliyooshewa mchele. Mwanaidi akayabadilisha, yakachafuka tena. Kipusa akaelea juu, mdomo nje, akitweta.

"Chujio moja halitoshi," alisema Mwanaidi, akaenda kuita watu.

Kombo alitoboa chupa ya maji, akaijaza sponji mpya, akaiunga na pampu ya hewa. Maji yakapita, uchafu ukanaswa. Lakini sponji mpya haina uhai, na sumu ilibaki palepale.

Mzee Dachi alileta kipande cha sponji cheusi kutoka tangi lake kuukuu la samaki, kinanuka tope. "Hiki hakijaonja sabuni tangu kizaliwe," alisema kwa fahari, akakitia ndani ya chupa ya Kombo.

Mama mkwe akashika pua. "Yaani tunatibu uchafu kwa uchafu?"

"Mtindi nao, mama, unaugandisha kwa kitu gani kama si kwa mtindi?" alijibu Mzee Dachi.

Ila vijidudu vile vilikuwa vichache, na kuzaana kunataka muda. Ndipo Sauda alipokata ua linalotambaa barazani kwake, akaning'iniza mizizi majini ili inywe sumu vijidudu vikiongezeka.

Idi ilipofika, maji yaling'aa. Kipusa akaitwa, akaja.

Mwanaidi akapakua. Palikuwa na samaki changu wa nazi, na katika nyumba ile kichwa hakigawanywi: hula mtu mmoja, mwenye heshima ya siku.

"Leo ni cha aliyemwokoa Kipusa," alisema mumewe, kisha akamwachia mkewe, kwani kuamua si kazi yake.

"Bila chupa yangu, maji yangelala," alisema Kombo.

"Bila uchafu wangu, chupa yako ni chupa," alisema Mzee Dachi.

"Bila mizizi yangu," alisema Sauda, "mgonjwa angekufa akingoja dawa ianze kazi."

Mama mkwe akasogeza sahani yake taratibu. "Na kama nisingeosha, nani angewaita?"

Mwanaidi alisimama, upawa mkononi. Akimpendelea jirani, shemeji atanuna. Akimruka mama mkwe, Idi ijayo ataila peke yake. Nyuma yake Kipusa alibandika uso kwenye kioo, akikitazama kile kichwa bila kupepesa.

Wali unapoa, wenzangu. Je, wewe ungekitia sahani ya nani?