Goti la Mize

Kataa mapema, uondoke na heshima zako. Anayedhani nadanganya aende mwenyewe Kitongani, amtafute mwanamume yeyote mrefu, amuulize ametega wapi dema lake la samaki. Mrefu huyo atasema, "Maji ya goti," na papo hapo atainama ajigonge kwenye muundi, shibiri nzima chini ya goti lenyewe. Wageni hudhani anajikuna. Walishakuja wenye vyeti na madaftari yao, wakaandika kwamba kisiwa kina mbu wengi. Si mbu. Ni Mize. Ukitaka kubisha, ngoja nimalize.

Zamani hizo watu wa Kitongani walikuwa na neno moja tu kwa maji yote yaliyokuwa mbele yao. Bahari. Maji yanayolowesha nyayo, bahari. Maji ya kule yanakogeuka meusi, ambako jiwe likidondoka limekwenda, nayo bahari. Mtu akipoteza ndoo, ameipoteza baharini. Akiulizwa baharini wapi, ananyoosha mkono na kuonyesha upana wote wa dunia, kisha anashangaa mwenzake akikasirika.

Aliyekasirika zaidi ya wote alikuwa Mize. Mize alichokoa pweza miambani, na kwa ufupi wa kimo hakuna aliyemshinda. Akirudi na tenga kichwani, kwa mbali uliona tenga linatembea lenyewe. Kila asubuhi maji yakikupwa aliwauliza waliotangulia pweza wako wapi leo.

"Baharini," walimjibu.

"Ahsanteni. Mimi nilikuwa naelekea kuwatafuta minazini."

Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyeona kosa liko wapi. Hilo ndilo lililokuwa likimchosha.

Nyumbani nako hakupumzika. Mumewe alikuwa amesafiri na boriti za mikoko, akamwachia mke mwenza, Mwanakheri, bibi mdogo mwenye ulimi mkubwa. Walikuwa wakigombania mbuzi ya nazi, kivuli cha ua, hata jogoo awike upande wa nani. Lakini chungu kilikuwa kimoja, na kila jioni Mize alipakua sahani mbili bila kuambiwa na mtu.

Siku moja, jua likiwa juu na maji yameshaanza kujaa, Ngongoti aliingia mjini akihema. Ngongoti alikuwa mdogo wa mume wao, mrefu hata akipita nyuma ya ua kichwa chake kilisalimia watu waliokuwa ndani. Alisimama katikati ya uwanja akasema Mwanakheri amenasa mguu kwenye tundu la mwamba, ameshindwa kuuchomoa, na yeye mwenyewe amejaribu akashindwa, kunatakiwa mtaimbo.

"Yuko wapi?" watu wakauliza.

"Baharini."

Basi wakaondoka mbio. Ndugu zangu, mji mzima ulikwenda baharini, na bahari ikawatosha wote. Wengine walishika njia ya kusini, wengine ya kaskazini, wazee wawili waliingia hadi vifundoni wakawa wanaita jina la mtu aliye mbali nao mwendo wa kupika wali. Mize peke yake hakukimbia. Alichukua mtaimbo kwa mkono mmoja na fimbo yake ya pweza kwa mwingine, akamzuia Ngongoti njiani.

"Shemeji, nipeleke."

Wakaenda hadi mbele ya mkoko uliopinda. Hapo Ngongoti akasimama, akatazama kushoto, akatazama kulia, akajishika kichwa. Alipomwacha Mwanakheri, miamba ilikuwa imetoa migongo nje. Sasa yote ilikuwa imezama, na jua liliyapiga maji yakawa kioo kitupu.

"Njia ni hii hii," alisema. "Moja kwa moja kutoka mkokoni. Lakini umbali wake, shemeji, hapa sipajui tena."

"Ulipokuwa naye maji yalikufika wapi?"

"Yalinifika... baharini tu, shemeji."

Mize alivuta pumzi kama mtu anayesukuma mlango wenye kutu. "Mwilini mwako, Ngongoti. Unao mwili mwingi. Yalikufika wapi humo?"

"Gotini."

Mize akaingia majini akitembea hadi yakamfika gotini. Hapakuwa na kitu, mchanga na vichwa vya mwani. Akageuka, akamwona Ngongoti amesimama kando yake katika maji yale yale, yanamlowesha muundi tu. Akajitazama, akamtazama. Goti la shemeji yake lilikuwa kwenye nyonga yake yeye. Akasonga mbele hadi maji yakamfika nyongani, akaita. Mawimbi yalikuwa yakivunjika mwambani na sauti haikwenda mbali. Hapakuwa na mtu.

"Umekuja moja kwa moja kunambia?"

"Moja kwa moja, shemeji. Mbio."

Hapo Mize alimsogelea Ngongoti karibu sana, akamtazama usoni kwa muda. Akaenda mbele peke yake, maji yakampita kiuno, yakamfika kifuani, na kila hatua alikuwa akinung'unika juu ya mji usiojua kusema kitu kiko wapi. Akaona kitu kama kumbi la nazi kinaelea. Kumbi likapiga chafya.

Mwanakheri mguu wake ulikuwa umemezwa na tundu hadi gotini, kwa hiyo alikuwa amekaa chini kuliko watu wengine, na maji yalikuwa kidevuni. Mize alizama na mtaimbo mara ya kwanza, akatoka. Mara ya pili, akatoka. Wimbi moja likapita juu ya kichwa cha Mwanakheri, naye alipoibuka hakuwa na ulimi mkubwa tena, alimshika Mize bega na kucha zote. Mara ya tatu jiwe likaachia.

"Umechelewa, Bi Mkubwa," alisema Mwanakheri alipopata pumzi.

"Nilikuwa natafuta baharini," Mize akamjibu, akamkokota.

Jioni ile ile, mbele ya watu wote, Mize alisimama ufukweni akasema neno bahari amelichoka. Kuanzia sasa kutakuwa na maji ya kifundo, maji ya goti, maji ya nyonga, maji ya kifua na maji ya shingo, kila moja mahali pake, kama yanavyokuwa maji yakishakupwa kabisa. Yanayozidi hapo ni ya wenye vyombo, watajua wenyewe. Na kipimo kitakuwa mwili wake yeye.

Wanaume wakaguna. Kwa nini wapimiwe na mtu mfupi kuliko wote?

"Pimeni kwa goti la Ngongoti," alisema Mize. "Kisha watumeni wake zenu huko."

Wakakubali. Ndipo Mize akamwonyesha Ngongoti mahali goti lake yeye Mize linapofika kwenye mguu wa huyo shemeji, asije akakosea tena. Na tangu siku hiyo hakuna mtu wa Kitongani anayesema baharini akakomea hapo. Atakwambia maji ya nyonga, mbele ya mkoko uliopinda, nawe utakwenda utakuta. Na warefu wote, wakitaja maji ya goti, hujigonga kwenye muundi.

Hapo ndipo ninapomalizia kila siku, na watu huondoka wameridhika. Ila leo mmenikodolea macho. Haya. Lipo nililoliruka.

Ngongoti hakuja moja kwa moja. Mwanakheri aliponasa, tenga lake lilikuwa na pweza watatu, naye akampa amshikie. Ngongoti alipita nalo nyumbani kwanza. Akawasha moto. Alijiambia mwamba hauhami. Alikula mmoja mzima, akanywa maji, ndipo akaanza mbio. Mize alipomsogelea usoni kule majini alisikia harufu ya pweza wa kuchoma, akajua bahari imepata muda gani wa kupanda.

Nami nilisema alimwonyesha mahali goti lake linapofika. Alimwonyesha kwa fimbo ya pweza. Pigo moja, kwenye muundi, mbele ya mji mzima, na Mwanakheri akaomba naye aonyeshe.

Ngongoti ni babu wa babu yangu. Urefu huu nimeutoa kwake. Na mimi nikitaja maji ya goti mkono huenda wenyewe pale pale, na huwa panauma.