Baau na Zimwi la Tope

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Hapakuwa na kitu.

Hapakuwa na jua, hapakuwa na mwezi, hapakuwa na nyota, wanangu. Palikuwa na Upepo, jina lake Kolpia, na mkewe Giza, jina lake Baau. Wakazaa watu wa kwanza wawili, Protogono na dada yake Aioni. Hawa hawakuwahi kuonana nyuso.

Chini yao lilikaa zimwi la tope, jina lake Moti. Kila kilichoanguka, lilikimeza.

Siku moja, ingawa siku zenyewe zilikuwa bado hazijaanza, Protogono alizidiwa na njaa. Moti likamwita, "Njoo kwangu, kuna chakula." Akaenda. Likammeza hadi magoti, hadi kiuno, hadi shingo.

Aioni akamshika mikono, akavuta, asiweze. Akalia, "Baba, lipasue zimwi hili."

Kolpia akajibu, "Nguvu ninazo, mwanangu. Lakini tumboni mwake limo jua. Nikilipasua mwanga utatoka, na mama yenu hawezi kukaa penye mwanga."

Aioni akazidi kuvuta. Mikono ya kaka yake ilikuwa inamponyoka.

Basi Baau mwenyewe akasema taratibu, "Vuma, mume wangu."

"Baau."

"Vuma. Mtoto anazama."

Kolpia akavuma, akavuma, akavuma, hata ikapiga radi ya kwanza. Moti likapasuka. Likatoka jua, ukatoka mwezi, zikatoka nyota, zikapanda juu zikifumbua macho kama watu walioamshwa usingizini. Tope likawa ardhi, ardhi ikaota miti, miti ikazaa.

Protogono akajikuta amesimama pakavu. Akamtazama dada yake, naye akamtazama. Hawakuwa wakijua kwamba wanafanana.

Aioni akanyoosha mkono, akachuma tini, akaimega, akampa kaka yake nusu. Kisha akauliza, "Mama yuko wapi?"

"Amekimbilia pangoni," baba akajibu. "Jua likishuka atakuja kuwafunika mlale. Lakini hatakaa."

Aioni akaenda hadi mlango wa pango, akaiingiza ndani nusu yake ya tini. Akakaa hapo akisikiliza, hata akasikia mtu anatafuna.

Hadithi yangu imefika hapo, wanangu, haiendi mbele. Funzo lake ni hili: aliyekuondokea ili wewe uishi, usimsahau unapokula.